Konvatibo inavuja mvua ikinyesha? Acha kutafuta tundu, tafuta pale maji yalitakiwa kutokea

Mvua za vuli zikianza Nairobi, Oktoba hivi kuelekea Novemba, wenye konvatibo, yaani gari za kufungua paa, huwa na swali moja tu: haya maji yanaingilia wapi? Jioni umepaki gari ikiwa kavu, paa limefungwa vizuri, asubuhi unafungua mlango unakuta vioo vimejaa ukungu kwa ndani, kapeti ya upande wa abiria ukiikanyaga inatoa maji, na kuna ile harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Unaangalia juu, paa halina tundu. Unaangalia raba, ziko zote. Unapeleka kwa fundi, anazunguka gari mara moja, anabonyeza raba kwa kidole, "boss, hizi raba zimeisha," anapaka silikoni kila mahali penye mstari, unalipa, unaenda. Mvua inayofuata maji yako pale pale, na wakati mwingine yameongezeka.

Kwa nini yaongezeke baada ya kuzibwa, nitafika hapo. Kwanza kuna kitu ambacho wengi wenye konvatibo hawajui, na mafundi waliozoea Probox na Vitz pia hawajui kwa sababu hawajawahi kuhitaji kukijua: hii gari haikutengenezwa kuzuia maji yasiingie kabisa. Ilitengenezwa yaingie mahali fulani panapojulikana, halafu itoe. Kwa hivyo mara nyingi ukiona kapeti imelowa si eti maji yamepata njia ya kuingia, njia ya kuingia ilikuwako tangu kiwandani, ni njia ya kutoka ndio imekufa.

Gari ya kawaida paa lake ni bati limechomelewa na bodi, maji yanateleza juu yanaenda zake. Konvatibo paa linakunjwa linalala kwenye shimo nyuma ya viti, sasa hapo lazima kuwe na nafasi kati ya paa na bodi, na nafasi inayofunguliwa na kufungwa kila siku huwezi kuiziba ikazibika. Waliobuni walijua hilo wakaweka mfereji. Chukua Mazda MX-5, ile Japani wanaiita Roadster, ilitoka 1989 na ndiyo gari ya michezo ya viti viwili iliyouzwa zaidi duniani, kwa hivyo ni mfano mzuri. Kwenye zile za matoleo mawili ya kwanza, mpaka 2005 hivi, maji yanayoshuka kwenye kioo cha nyuma na mashavu ya paa yanaingia chini ya ukingo wa bodi, yanadondokea kwenye mfereji wa plastiki unaozunguka nyuma ya shimo la paa, mfereji unayapeleka kulia na kushoto, na kila upande kuna tundu nyuma ya pale mkanda wa kiti unapotokea. Tundu linaingia kwenye paipu, paipu inashuka ndani ya bodi, maji yanatokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mvua ikinyesha ukachungulia chini ya gari ukaona maji yanatiririka pale, hiyo ni afya. Usipoyaona ndio uanze kuogopa.

Na si maji kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja, hesabu ndio hiyo. Tuseme paa na kioo cha nyuma ni mita mraba moja na nusu, mvua ya milimita 30, ambayo jioni moja ya Aprili hapa inafikisha bila jasho, hiyo ni lita 45, yaani mitungi miwili ya lita 20 na masalio. Hata kama nusu inamwagikia pembeni, iliyobaki inapita ndani ya bodi yako usiku ule ule ukiwa umelala. Kila kitu kiko sawa mpaka tundu mojawapo lizibe, basi mfereji unajaa, unafurika kwa ndani, na kwa ndani ni kapeti.

Hapo sasa ndio fumbo linaanza, kwa sababu maji hufuata mkondo, na mkondo wa ndani ya gari hauuoni. Chini ya kapeti kuna sponji nene ya kuzuia kelele, hiyo inanyonya maji na kuyasafirisha taratibu hadi pale pa chini kabisa. Ukipaki pua ikiangalia mteremko, maji yaliyoingilia nyuma ya kiti utayakuta kwenye miguu ya mbele. Ukipaki kwenye rampu ya gorofa pua ikiwa juu, maji yaliyoingilia mbele utayakuta nyuma. Pia maji hupenda kutembea juu ya nyaya, yanashika waya yanaufuata hadi unapopinda ndio yanaachia. Na kwenye nafasi nyembamba sana, kama kati ya bati mbili, yanaweza kupanda juu kidogo badala ya kushuka. Kwa hivyo mtu akikuonyesha mahali palipolowa akakwambia "inavujia hapa", amekuonyesha maji yalipochoka, hajakuonyesha yalipoingilia.

Kabla hujashika spana jiulize inavuja LINI, hili swali linakuokolea pesa nyingi kuliko wapi. Kama hata siku ya jua kapeti ya mbele inalowa na ulikuwa umewasha AC kwenye jam ya Mombasa Road, hayo si maji ya mvua kabisa, ni maji ya AC yenyewe, ile paipu ndogo inayoyatoa chini imeziba, yanakuwa masafi na hayanuki. Kama maji yanateleza ukiyashika, yana rangi ya kijani ama pinki, yana harufu tamutamu, na windskrini kwa ndani inapata utando wa mafuta usiofutika vizuri, hiyo ni radieta ndogo ya hita, peleka haraka maana unapoteza kulanti, yale maji ya kupoza injini. Kama inalowa tu ukipita kwenye madimbwi lakini ikinyeshewa imepaki inabaki kavu, angalia chini, sakafu ya gari ina vizibo vya raba na kimoja kikitoka tairi linarushia maji ndani. Kama ikipaki haivuji ila ukiwa Thika Road unakimbia ndio unadondokewa, basi ni vioo vya mlango ama ile raba ya mbele paa linapokutana na windskrini, kwa sababu ukienda kasi upepo unavuta paa kwenda juu na kioo kwenda nje, raba inaachia kidogo tu lakini inatosha. Kama unadondokewa ukikata kona ama ukifunga breki, kuna maji yametuama mahali, yanamwagika gari ikiinama. Na ukisikia kama maji yanachezacheza ndani ya bodi ukiondoka kwenye mataa, hayo yako ndani ya kizingiti, lile bati refu chini ya mlango, na hiyo ni habari mbaya kwa sababu kizingiti kinaoza kutoka ndani, wewe huoni kitu mpaka siku fundi anaweka jeki pale na jeki inaingia. MX-5 za zamani zinajulikana kwa ugonjwa huu, kutu ya vizingiti karibu na tairi la nyuma, na mara nyingi chanzo ni zile paipu za paa kuziba.

Lakini ile kesi ya kawaida kuliko zote ni ya kupaki nje usiku, mvua ndefu, asubuhi kapeti imelowa. Hiyo anza na mifereji hata kabla ya kuangalia raba.

Kuna jamaa wa Lavington ana Roadster ya silva, anaipaki chini ya mjakaranda. Ukiujua mji huu unajua Oktoba barabara zote zinageuka zambarau, watu wanapiga picha, ni kuzuri kwelikweli, lakini ule mti hauangushi maua peke yake, una vijani vidogovidogo kama punje vinavyoingia kila mahali, na maua yenyewe yakilowa yanakuwa uji. Yeye alikuwa ameshabadilisha raba ya mbele, ameshapakwa silikoni kuzunguka kioo cha nyuma, na bado nyuma ya kiti cha abiria palikuwa panalowa. Tulifungua paa nusu, tukainua ule ulimi wa mfereji nyuma ya mkanda wa kushoto, nikaingiza kidole. Kidole kilizama kwenye tope baridi hadi kiungo cha pili. Tulilichota na kijiko cha chai: maua yaliyooza yakawa meusi, vijani, unyoya wa ndege, mchanga, na katikati ya huo uchafu kipande cha silikoni iliyokauka, ndefu, imejikunja. Yaani fundi aliyepaka silikoni ya kuzuia maji, nyingine ilimdondokea ndani ya njia ya maji. Jamaa akaiangalia akasema, "Kwa hivyo nililipa niwekewe kizibo." Nikamwambia ndiyo hivyo mkubwa.

Na ndio maana nilisema maji huongezeka. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, sasa kwa konvatibo kuna nyufa ukiziziba ndio unaanza kujenga. Ukipaka silikoni kwenye ukingo wa mfereji, ama pale chini ya raba ambapo kuna vitundu vidogo vya kutoa maji, umeyafungia ndani. Halafu ile silikoni ya bei rahisi inayonuka siki inatoa asidi ikikauka, ikigusa bati lenye mkwaruzo inakaribisha kutu. Mimi silikoni kwenye konvatibo siitaki kabisa, labda uniambie umepata tundu ukaliona kwa macho yako na ukajua linaenda wapi.

Kusafisha tundu kuna utaratibu wake. Toa tope kwanza kwa mkono, kijiko ama vakyum, ukikimbilia kusukuma waya unalisukuma lote ndani ya paipu na kulibana. Likitoka, chukua ule uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukata nyasi, una ugumu wa kusukuma lakini hautoboi, uingize taratibu ukizungusha hadi utokee chini. Waya wa chuma hapana, paipu ni ya raba na ina miaka yake. Upepo wa kompresa pia hapana, najua kila gereji inao na mkono wa fundi unawasha, lakini ukipuliza kwa nguvu paipu inaweza kuchomoka kwenye kiungo chake ndani ya bodi ambako huwezi kufika bila kung'oa vitu, na kuanzia hapo kila tone linalopita kwenye tundu safi linaenda moja kwa moja ndani ya gari. Baadaye mimina kikombe cha maji polepole upande mmoja, mtu achungulie chini, kisha upande wa pili. Yanatakiwa yatoke upesi na kwa kasi inayofanana pande zote. Upande mmoja ukichelewa, rudia. Kuna gari zingine mwisho wa paipu kuna kamdomo ka raba kanakofunguka maji yakija na kujifunga yakiisha, hako nako hunasa uchafu, kafinye kwa vidole kutoka chini uone kama kanaachia tope.

Kwenye BMW Z4 ya kwanza, ile iliyotoka 2002, kuziba huku si mambo ya kapeti tena. Mota ya umeme inayoendesha paa imewekwa chini kabisa kwenye kona ya shimo la paa, pale pale maji yanapopitia kutoka. Paipu ikiziba, mota inaogelea. Siku moja unabonyeza paa lifunguke, linanyamaza, na bei ya kubadilisha hiyo mota afadhali nisiseme. Wenye Z4 wengi siku hizi mota wanaihamishia kwenye buti ili isife tena. Ukinunua moja, kabla ya kuuliza mambo ya injini bonyeza paa.

Sasa jamaa wetu wa Lavington. Baada ya kusafisha, mvua iliyofuata nyuma ya kiti pakawa pakavu, lakini mbele, pale abiria anapoweka miguu, bado kulikuwa na unyevu, kidogo lakini upo. Hili ndilo linafanya watu wakate tamaa, wanafikiri dawa haikufanya kazi, kumbe uvujaji ulikuwa wa sehemu mbili na ule mkubwa ulikuwa unauficha mdogo. Nikamuuliza spika za mlango zilibadilishwa lini, akashangaa nimejuaje. Sikujua, niliona tu spika si za gari.

Mlango nao, na hili ni la gari zote, umetengenezwa maji yaingie. Kioo kikiteremka kinashuka na maji, ile raba ya nje hailambi yote, kwa hivyo ndani ya mlango hunyesha kila mvua ikinyesha, na maji yanatokea kwenye vitundu chini ya mlango. Kinachozuia yasije upande wako ni karatasi ya nailoni iliyogundishwa kwenye bati nyuma ya paneli, na ukingo wake wa chini umeingizwa ndani ya bati ili tone likishuka lidondokee ndani ya mlango, lisidondokee juu ya kizingiti. Fundi wa spika ama wa alamu akija anafungua paneli, nailoni inamsumbua, anaikata kwa wembe apitishe waya, anarudisha paneli, muziki unapiga safi, anaenda. Hajakosea waya hata mmoja. Lakini kuanzia siku hiyo maji yanashuka nyuma ya paneli, yanapita juu ya kizingiti, yanaingia chini ya kapeti, na wewe unalaumu paa. Kupima ni rahisi: gari ikiwa kavu mimina maji kwa kikombe kwenye kioo kwa nje tu, taratibu, paa usiliguse. Ukiona unyevu chini ya paneli, umempata. Dawa ni nailoni mpya ngumu na ile gundi nyeusi ya butili ya kunata isiyokauka, na uhakikishe ukingo wa chini umerudi ndani ya bati. Vitundu vya chini ya mlango navyo vipitishe kijiti cha meno, hiyo haina gharama.

Ukishamaliza mifereji na milango na bado kunavuja, ndio uende kwenye kipimo cha maji chenyewe, na hapa subira inahitajika kuliko nguvu. Usipeleke gari pale wanapoosha kwa mashine ya presha eti unapima. Presha inapenyeza maji kwenye raba nzima kabisa zisizo na shida, utapata majibu ya uongo. Mvua hushuka tu kwa uzito wake, nawe fanya hivyo. Kama mtaa wako maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa wiki, hosipaipu sahau, mtungi na keni ya kumwagilia maua vinafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu unadhibiti yanapoanguka. Kausha gari kabisa, toa kapeti ama uikunje, pangusa bati. Mtu mmoja akae ndani na tochi ya simu, vioo juu, milango imefungwa, mwingine amwage nje. ANZA CHINI. Ukianzia juu ya paa maji yanashuka yanapitia kila kitu na utakachojua ni kwamba gari inavuja, jambo ambalo ulilijua tayari. Anza chini ya wipa, kaa dakika tano hadi kumi, hakuna kitu, panda kwenye kona ya chini ya windskrini, ngoja, kona ya juu, ngoja, kisha mstari wa paa juu ya kioo, pembe ya nyuma ya kioo, kioo cha nyuma. Wa ndani asisubiri tone limdondokee, abandike vipande vya tishu kando ya kila raba na kila kiungo, tishu inabadilika rangi hata kwa unyevu ambao vidole havisikii. Ukishuku mahali pawili pamoja, weka rangi ya chakula kwenye maji unayomwaga sehemu moja tu kati ya hizo mbili. Na njia ya kinyume pia ipo, bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi juu ya kiungo unachoshuku uiache mvua halisi inyeshe, ndani pakibaki pakavu umeshinda, pakilowa toa hicho kwenye orodha.

Pale chini ya wipa usipapuuze. Chini ya ile plastiki kuna shimo refu la kukusanya maji ya windskrini lenye matundu yake ya kutolea pembeni, na hewa ya feni ya ndani inavutwa hapo hapo. Majani yakijaa, maji yanapanda mpaka yanaingilia njia ya hewa, na unayakuta kwenye miguu. Mjakaranda tena.

Kwa raba na vioo, kwanza ujue kitambaa chenyewe hakivuji kirahisi. Paa la kitambaa lile la maana ni tabaka tatu, nje kitambaa, katikati raba, ndani kitambaa kingine, likilowa nje likawa zito haimaanishi maji yamepita. Yanapopita ni kwenye mishono na pale limekunjika miaka kwenye mkunjo ule ule mpaka raba ya katikati ikapasuka. Na jua la hapa halisaidii, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua inayoharibu raba na nyuzi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Konvatibo nyingi za mji huu ziko nchini muda mrefu, maana gari iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa, kwa hivyo ile Mercedes SLK ya 2005 unayoiona imeota jua la Nairobi zaidi ya muongo.

Raba ukitaka kujua kama inabana, chukua karatasi, funga kioo juu yake, vuta. Ikitoka bila kukataa hapo hapabani. Ama paka poda ya mtoto kwenye ukingo wa kioo, funga mlango, fungua, angalia poda imeacha alama wapi kwenye raba na wapi haikugusa. Mara nyingi raba ni nzima ila kioo hakijafika, na kioo cha konvatibo hakina fremu, kinarekebishwa kwa nati ndani ya mlango ili kipande juu, kilale ndani zaidi, ama kisogee nyuma. Kazi ya nusu saa kwa anayejua, na hununui chochote. Gari zile ambazo kioo hushuka kidogo ukifungua mlango kisha kupanda ukiufunga, betri ikishatolewa kioo husahau mwisho wake kikabaki chini kwa milimita kadhaa, unatakiwa ukifundishe upya kwa kushikilia swichi kikiwa juu, njia kamili iko kwenye kitabu cha gari. Nimeona mtu anaagiza raba kutoka Uingereza kwa tatizo hili la swichi.

Raba iliyokauka lakini haijapasuka inafufuka kwa grisi ya silikoni (si ile silikoni ya kuziba) ama gliserini, ila si Vaseline wala grisi ya bearing, mafuta ya petroli huvimbisha na kulainisha raba za milango. Zile za paa la bati linalokunjwa, kama VW Eos ya 2006 yenye paa la vipande vitano, zina raba nyingi sana na bila kupakwa mafuta yake mara kwa mara lazima zivuje, hapo nakubali fundi akisema ni raba.

Ikiwa maji yako kwenye buti, huo ni ukoo mwingine: gasketi za taa za nyuma, ile taa ya breki ya tatu, kizibo cha antena, raba ya buti. Mfungie mtu mwembamba mwenye tochi humo ndani (akubali kwanza) mwingine amwage maji nje. Kwenye MX-5 za mwanzo betri iko buti, usiache maji yakatuama hapo. Na windskrini ikiwa iliwahi kubadilishwa, kona zake za chini ziangalie kabla ya kulaumu chochote, gundi ikikosa kipande kidogo tu inatosha.

Ukishampata mwizi, usirudishe kapeti siku hiyo. Ile sponji ya chini inashika lita kadhaa na haikauki ikiwa ndani ya gari hata ukiacha vioo wazi wiki nzima, inabidi itoke ianikwe juani, ikinuka uvundo sana nunua nyingine ama ukate ya godoro gumu unene ule ule. Kama lazima utoe kiti, zile waya zenye soketi ya njano chini yake ni za airbag, chomoa betri kwanza ungoje dakika kadhaa kabla ya kuzigusa. Angalia soketi zote zilizokuwa ndani ya maji, zenye ukijani zisafishwe. Halafu tandika magazeti juu ya bati tupu na uendeshe hivyo hivyo, kelele za barabara utazizoea, mpaka mvua kubwa inyeshe usiku kucha. Magazeti yakiamka makavu pande zote, rudisha kapeti. Yakilowa, utaona vizuri maji yameanzia kona ipi, maana gazeti haliyasafirishi mbali kama sponji.